Kabeji inayojikinga dhidi ya viwavi: Kwa nini haijafika shambani

MNUNUZI wa mboga katika soko la Marikiti jijini Nairobi hukagua jani la sukuma wiki kabla ya kulipa. Likiwa na matundu, hulirudisha na kuchagua fungu jingine. Mkulima anaijua vyema tabia hiyo, na ndiyo maana wengi hubeba pampu ya dawa mgongoni wiki baada ya wiki, tangu miche itoke kitaluni hadi mavuno yanapokaribia. Mnunuzi huyo huyo akiulizwa iwapo angependa kula mabaki ya dawa ya kuua wadudu, atakataa katakata.

Kwa zaidi ya miaka 30, wanasayansi wamekuwa wakitafuta namna ya kuupa mmea wenyewe silaha ili mkulima aweze kuitua pampu hiyo. Jibu la maabara lilipatikana zamani. Brokoli na kabeji zilizotiwa jeni ya kuua viwavi zilikuwepo katika miaka ya 1990, na zilifanya kazi iliyokusudiwa. Hata hivyo, mbegu zake hazijawahi kuuzwa katika maduka ya pembejeo nchini Kenya, wala hazijawa zao la biashara kwingineko. Sababu za kukwama huko hazimo ndani ya kabeji. Zimo ndani ya mdudu, katika biashara ya mbegu na katika sheria, na inafaa zieleweke kabla ya mtu kuchagua upande katika mjadala wa GMO.

Kabeji, sukuma wiki, koliflawa na brokoli ni spishi moja, Brassica oleracea, ingawa sura zao zinatofautiana mno. Binadamu ndiye aliyezitenganisha kwa karne nyingi za kuchagua mbegu: hapa akipendelea majani, pale akipendelea ua. Kwa kuwa ni ndugu wa damu, maadui wao ni wale wale. Mashamba ya kabeji ya Kinangop na vishamba vya sukuma wiki nyuma ya nyumba huko Kiambu hushambuliwa na wadudu na magonjwa yasiyotofautiana.

Adui mkuu ni nondo mdogo wa rangi ya kijivu, asiyefika urefu wa ukucha wa kidole gumba, ambaye anapokunja mabawa huonekana na alama kama za almasi mgongoni. Jina lake la kisayansi ni Plutella xylostella. Jike hutaga mayai kwenye majani, na kiwavi anayeanguliwa huanza kwa kujichimbia ndani ya jani. Baadaye hutoka na kula upande wa chini, akiacha ngozi nyembamba ya juu kama kioo cha dirisha. Akiguswa, hujinyonganyonga na kujiangusha kwa uzi mwembamba, kisha hupanda tena hatari inapopita. Katika maeneo ya joto anaweza kupata vizazi 20 kwa mwaka. Watafiti wamekadiria kwamba hasara anayosababisha duniani, pamoja na gharama za kupambana naye, ni kati ya dola bilioni 4 na bilioni 5 kila mwaka.

Idadi hiyo ya vizazi ndiyo kiini cha matatizo yote yanayofuata. Dawa inapopuliziwa, viwavi wachache ambao kwa bahati ya maumbile hawadhuriki husalia na kuzaana, na kwa mdudu mwenye vizazi 20 kwa mwaka ukoo huo sugu hutapakaa upesi. Nondo huyu aliripotiwa kustahimili DDT huko Java, Indonesia, mwaka 1953. Tangu wakati huo ameshinda viambato zaidi ya 90 vya viuadudu katika sehemu mbalimbali za dunia. Nchini Kenya, usugu wake ulikuwa umekwisha kuripotiwa kufikia miaka ya 1990. Mkulima anayelalamika kwamba dawa iliyompa mavuno mazuri miaka michache iliyopita sasa ni kama maji, huenda wala hajauziwa dawa ghushi.

Sumu ya kiwavi pekee

Silaha iliyoteuliwa na wanasayansi ilitoka kwa bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus thuringiensis, kwa kifupi Bt. Bakteria huyu aligunduliwa nchini Japani mwaka 1901 akiwaua viwavi wa hariri, na akapewa jina lake la sasa nchini Ujerumani mwaka 1911. Ndani yake hutengenezwa fuwele za protini. Kiwavi akizila, fuwele hizo huyeyuka katika utumbo wake wenye hali ya alkali, vimeng'enya vyake huzikata, na protini inayobaki hunata kwenye vipokezi maalumu vya ukuta wa utumbo na kuutoboa. Kiwavi huacha kula na kufa katika siku chache.

Tumbo la binadamu lina asidi badala ya alkali, na utumbo wake hauna vipokezi hivyo. Ndiyo sababu Bt imetumiwa kwa miongo mingi kama dawa ya kupulizia, hata na wakulima wa kilimo-hai ambao huepuka kemikali. Udhaifu wake ni kwamba jua na mvua huiharibu katika siku chache, na kiwavi aliyejificha chini ya jani au ndani ya kichwa cha kabeji haifikiwi na dawa.

Uhandisi jeni unaondoa udhaifu huo. Jeni inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini ya Bt huchukuliwa na kuwekwa ndani ya bakteria mwingine, Agrobacterium, ambaye kwa asili yake ana kipaji cha kupenyeza vipande vya jeni zake katika mimea. Vipande vya shina la mche mchanga huchovywa katika bakteria hao, kisha hukuzwa ndani ya chupa zenye virutubisho hadi vichipue. Chipukizi zilizopokea jeni hutengwa na zisizopokea. Mmea unaotokana nazo hutengeneza protini hiyo ndani ya majani yake mchana na usiku, na kiwavi anayeuma jani huila pamoja na mlo wake.

Kama hadithi ingeishia hapo, Marikiti ingekuwa imejaa sukuma wiki zisizo na matundu.

Mnamo 1990, watafiti waliripoti kutoka Hawaii kwamba nondo wa kabeji katika mashamba yaliyopuliziwa Bt mara kwa mara alikuwa amekuwa sugu kwa Bt yenyewe. Huyu alikuwa mdudu wa kwanza kujulikana kufanya hivyo shambani. Onyo hilo lilikuja kabla hata kabeji ya kwanza ya Bt haijatoka maabara. Iwapo alishinda dawa iliyodumu siku chache tu juu ya jani, angefanyaje na mmea unaotoa sumu hiyo maisha yake yote?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, katika jimbo la New York nchini Marekani, walitumia brokoli kutafuta jibu. Hoja yao inaeleweka kwa hesabu rahisi. Chukulia kwamba katika kila nondo 1,000, mmoja ana uwezo wa kustahimili protini ya kwanza, na mmoja katika 1,000 anaweza kustahimili protini ya pili, ambayo hunata kwenye vipokezi tofauti. Nondo wa kustahimili zote mbili atakuwa mmoja katika milioni. Mmea wenye jeni zote mbili kwa pamoja kwa hivyo haumwachi karibu yeyote. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2003, nondo walilelewa kwa vizazi 24 ndani ya vivungulio. Mimea yenye jeni mbili ilichelewesha sana usugu, ilhali mimea ya jeni mojamoja iliyopandwa kwa mchanganyiko ilishindwa mapema.

Matokeo ya mwaka 2005 yalikuwa na uzito zaidi kwa nchi kama Kenya, ingawa hayakutangazwa sana nje ya duru za wataalamu. Watafiti hao walipanda mimea ya jeni moja na ya jeni mbili mahali pamoja, na usugu ukaja haraka. Mimea ya jeni moja iligeuka kuwa ngazi: nondo alijifunza kuishinda silaha ya kwanza humo, kisha akaivamia ile yenye silaha mbili akiwa amekwisha kushinda nusu ya vita. Maana yake ni kwamba mbegu hafifu iliyoingizwa sokoni na mtu mmoja inaweza kuharibu mbegu bora ya kila mtu mwingine. Katika soko ambako mbegu ghushi si jambo geni, hilo si hofu ya darasani.

Fundisho jingine lilihusu kile wataalamu wanachokiita kimbilio. Sehemu ya shamba hupandwa kabeji za kawaida, bila jeni ya Bt, ili nondo wasio sugu waendelee kuishi na kujamiiana na wale wachache sugu, hivyo kuuzimua ukoo wa usugu. Kwa lugha ya mkulima, anaambiwa aache baadhi ya mistari iliwe. Mwenye ekari 200 anaweza kukubali. Mwenye robo ekari atataka kujua ni nani atakayemlipa.

Katikati ya miaka ya 2000, muungano uliojulikana kama CIMBAA uliileta pamoja kampuni ya mbegu ya Nunhems na taasisi za utafiti, kikiwemo Kituo cha Mboga cha Dunia kilichoko Taiwan. Azma ilikuwa kuzalisha kabeji na koliflawa zenye jeni mbili za Bt, cry1B na cry1C, kwa ajili ya wakulima wadogo wa Asia na Afrika, India ikitangulia. Kanuni ya kutotoa mmea wa jeni moja ilizingatiwa tangu mwanzo. Mradi huo ulikoma kabla ya mbegu kumfikia mkulima.

Mazingira ya siasa yalikuwa magumu. Mnamo Februari 2010, serikali ya India ilisimamisha biringanya ya Bt ambayo wataalamu wake wenyewe walikuwa wamependekeza iidhinishwe. Nchi jirani ya Bangladesh iliiidhinisha biringanya hiyo mwaka 2013, na wakulima wakaanza kuipanda mwaka uliofuata. Na kuna hesabu ya kibiashara isiyohitaji siasa: gharama ya kupitisha zao la GMO katika vipimo na vibali hulipika kwa urahisi katika mahindi, soya au pamba, mazao yanayofunika mamilioni ya hekta. Kabeji ni zao la vishamba. Si ajabu kwamba mboga ya jamii hii iliyohaririwa jeni na kuuzwa Marekani mwaka 2023, majani ya haradali ya kampuni ya Pairwise, ilibadilishwa ladha ili isiwe kali mdomoni. Mwenye fedha za kulipia ladha alipatikana kabla ya mwenye fedha za kulipia kiwavi.

Magonjwa na jamaa wa kanzira

Magonjwa yanahitaji mbinu tofauti kwa sababu Bt haiyagusi. Kuoza kweusi husababishwa na bakteria Xanthomonas campestris, ambaye hupenyea kwenye kingo za jani, akiacha doa la manjano lenye umbo la herufi V na mishipa iliyogeuka myeusi. Husafiri ndani ya mbegu na kwa matone ya mvua yanayoruka kutoka mmea hadi mmea. Kinga thabiti dhidi yake ni adimu katika kabeji, lakini hupatikana katika jamaa zake, ikiwemo Brassica carinata, mboga ambayo wakazi wa magharibi mwa Kenya huiita kanzira au kandhira.

Uhusiano huo una historia yake. Mtafiti Nagaharu U alionyesha nchini Japani mwaka 1935 kwamba carinata ilitokana na kukutana kwa haradali nyeusi na spishi ya kabeji. Nusu ya urithi wa kanzira, basi, ni wa ukoo wa kabeji, na nusu ni wa haradali. Kuzalisha chotara kati ya kanzira na kabeji kunawezekana, ingawa viini vingi hufa na hulazimu kuokolewa katika maabara, kisha miaka ya kurudisha sifa za kabeji. Kuhamisha jeni yenyewe kungefupisha safari hiyo, mradi ijulikane ni ipi hasa. Mboga inayodharauliwa na baadhi ya wakazi wa mijini kama chakula cha mashambani ndiyo inayobeba kinga hiyo.

Kwa virusi, njia ni kuondoa badala ya kuongeza. Virusi vya mozeki vya tanipu, ambavyo husambazwa na vidukari na vimethibitishwa katika kabeji za Kenya, haviwezi kuzaana bila kuazima protini fulani ya mmea. Mwaka 2016, watafiti wa Edinburgh, Uskoti, waliizima jeni ya protini hiyo kwa mbinu ya uhariri wa jeni iitwayo CRISPR katika mmea mdogo wa maabara wa jamii hiyo ya kabeji, Arabidopsis. Virusi vilipoingia havikupata cha kuazima, na mmea wenyewe ulikua vizuri. Jeni ya kigeni haibaki katika mmea wa namna hiyo.

Kinga ya magonjwa nayo ina ukomo wake. Wakulima wa kanola nchini Kanada walipata mwaka 2009 aina zinazostahimili uvimbe wa mizizi. Kufikia 2013, vimelea vilivyoishinda kinga hiyo vilikuwa vimegunduliwa katika jimbo la Alberta.

Nyigu wa Werugha

Wakati kabeji ya Bt ikisubiri, Kenya ilikuwa na jaribio jingine lililosonga mbele kimya kimya. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, chenye makao yake Kasarani, Nairobi, kiliagiza kutoka Taiwan nyigu mdogo aitwaye Diadegma semiclausum. Jike la nyigu huyu hudunga yai ndani ya kiwavi wa kabeji. Bui hukua akimla kiwavi kutoka ndani. Mwaka 2002 nyigu hao waliachiliwa Werugha, katika vilima vya Taita, na katika miaka iliyofuata idadi ya viwavi na uharibifu wa kabeji ilipungua. Kwa kuwa Diadegma hupenda baridi, nyigu wa aina nyingine, Cotesia vestalis, aliletwa kutoka Afrika Kusini kwa ajili ya maeneo ya joto.

Mkulima hakununua nyigu hao wala hakutakiwa kuwafuga. Alichotakiwa kufanya ni kuacha kuwaua, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwani dawa kali inayopuliziwa kuua viwavi sugu huangamiza nyigu asiye na usugu wowote.

Wanaopinga GMO humtaja nyigu kama hoja dhidi ya jeni, na wanaoiunga mkono humpuuza. Utafiti hauungi mkono upande wowote kati ya hizo mbili. Majaribio ya Cornell yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba protini ya brokoli ya Bt haikumdhuru nyigu wa jamii ya Diadegma, ilhali dawa za kawaida zilimdhuru. Mwaka 2014, watafiti wa chuo hicho waliripoti kwamba wadudu marafiki wakiwepo, usugu dhidi ya Bt hukawia zaidi kujitokeza. Mbinu hizo mbili zinaweza kusaidiana. Kinachozivuruga zote mbili ni pampu ya dawa inayotumiwa bila mpango.

Cornell ilienda mbali zaidi. Mwaka 2017, ikishirikiana na kampuni ya Uingereza ya Oxitec, iliachilia katika shamba la wazi mjini Geneva, New York, nondo dume waliotiwa jeni inayowaua mabinti zao wakiwa viwavi. Matokeo yalichapishwa Januari 2020. Badala ya kuibadilisha kabeji, waliubadilisha ukoo wa adui, na mboga anayokula mlaji ikabaki vile vile.

Nchini Kenya, Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ilipitishwa mwaka 2009 na kuunda mamlaka ya kusimamia mazao haya, NBA. Novemba 2012, Baraza la Mawaziri lilipiga marufuku vyakula vya GMO kufuatia utafiti wa Ufaransa uliodai kwamba mahindi ya GMO yalisababisha uvimbe katika panya. Jarida lililouchapisha liliuondoa mwaka uliofuata, lakini marufuku ikabaki. Pamba ya Bt iliruhusiwa mwishoni mwa 2019. Marufuku ya vyakula iliondolewa Oktoba 2022 na Baraza la Rais William Ruto, kesi zikafuata, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikaamuru uagizaji na usambazaji wa vyakula hivyo usimamishwe huku rufaa ikisubiriwa. Miongozo ya uhariri wa jeni, iliyotolewa na NBA mwaka 2022, huchunguza kila mmea kivyake, na usiobaki na jeni ya kigeni unaweza kuchukuliwa kama mbegu ya kawaida. Kabeji isiyoshikwa na virusi ingeweza kupitia mlango huo. Ya Bt isingeweza.

Hofu za wananchi hazipaswi kufungwa katika furushi moja. Swali la afya ya mlaji ndilo linalopigiwa kelele zaidi, na kwa protini za Bt ndilo lenye ushahidi mwingi zaidi wa kutuliza. Swali la nani atamiliki mbegu ni zito zaidi, na haliwezi kujibiwa katika maabara. Hatari ya chavua kuhamisha jeni hutegemea mmea: kabeji ya dukani huvunwa kabla ya kuchanua, ilhali kanzira huchanua upesi na nyuki huitembelea.

Sukuma wiki ina tabia mbili ambazo majaribio ya brokoli hayakuzigusa. Kwanza, haivunwi mara moja. Majani yake hukatwa kwa miezi kadhaa kutoka shina lile lile, muda unaotosha vizazi vingi vya nondo kukutana na sumu ile ile mahali pale pale. Pili, aina nyingi za kienyeji hazipandwi kwa mbegu. Mkulima huvunja chipukizi za pembeni na kuzichomeka udongoni, kisha humgawia jirani anayeomba. Jeni iliyotiwa katika sukuma wiki ingevuka ua kwa njia hiyo, bila mfuko, bila maagizo ya kimbilio na bila yeyote kujua ni shamba lipi linalo jeni moja na lipi linalo mbili. Mamlaka ya kutoa kibali italazimika kuanza na chipukizi hizo kabla ya kuuliza kama kiwavi anakufa.